Jinsi nilivyojua protini yangu inaganda kwa joto gani

Ovotransferini, protini ya ute wa yai, ilinisumbua wiki mbili. Nikiipasha moto inageuka nyeupe kama maji ya mchele, ila sikujua mgando unaanzia nyuzi ngapi, kwani beseni la maji moto hutoa joto moja tu. Nikakumbuka mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA kwa kupasha na kupoza mirija midogo: safu zake 12 huweza kupangwa kila moja na joto lake.

Nikatia protini kwenye mirija, nikaipanga mashine kuanzia nyuzi 55 hadi 75, dakika 10, kisha mirija barafuni, nikapima ukungu (ule weupe wa mgando) kwa mwanga wa nanomita 350. Ulianza karibu na 60. Lakini mirija niliyotia chuma na bikaboneti, yenye rangi ya waridi, ilibaki angavu mpaka safu ya mwisho! Protini ikishika chuma, hujikaza. Funga vifuniko vizuri. Mvuke ukitoka, vipimo hupotoka.