Nimefuta mistari bilioni, diski ikazidi kujaa

Kazini kwetu tunafuatilia magari. Ni magari kama mia nne, mabasi ya mikoani na malori ya Tunduma, na kila moja lina kifaa kinachotuma mahali lilipo kila baada ya sekunde 30. Hiyo ni zaidi ya mistari milioni moja kwa siku, na yote huingia kwenye jedwali moja la PostgreSQL (Postgres kwa kifupi), programu ya hifadhidata. Aliyelibuni (mimi huyu) hakuwaza kwamba lingefikisha miaka minne.

Mwezi uliopita diski ya seva, GB 500, ilifika asilimia 91. Bosi akauliza nani anahitaji kujua lori lilikuwa wapi Jumanne fulani miaka mitatu nyuma. Hakuna. Nikaitoa data ya zamani nikaihifadhi pembeni, nikahakikisha inarejesheka, kisha nikaanza kufuta kidogo kidogo kwa siku nne. Nilipomaliza nikaandika df -h, amri ya kuonyesha diski imejaa kiasi gani, chai mkononi.

Asilimia 93.

"Sasa umefuta au umeongeza?" Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nilimjibu kwa lugha ya daladala. Abiria akishuka, kiti kinabaki wazi, lakini gari halifupiki. DELETE, amri ya kufuta ya Postgres, huuwekea mstari alama tu kwamba umekufa. VACUUM, kazi ya usafi, ikipita, viti hivyo huhesabiwa kuwa vitupu na mistari mipya ya jedwali hilohilo inaweza kuvikalia, ila faili kwenye diski hubaki na ukubwa wake. Hufupishwa tu pale kurasa za faili za mwishoni kabisa zinapokuwa tupu, na kwangu walioshuka wote walikuwa wa mbele. Ile asilimia 2 ya juu ilitokana na kumbukumbu za mabadiliko, WAL, kwa sababu hata kufuta huandikwa.

Kama jedwali lingejaa tena baada ya miezi michache ningeliacha hivyohivyo, na ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza. Lakini viti vitupu vya miaka mitatu ni vingi mno. Ikabidi iwe VACUUM FULL, ambayo huandika jedwali upya kwenye faili jipya na kulitupa la zamani mwishoni. Maana yake lazima nakala mbili zikae pamoja kwa muda. Nakala mpya ilihitaji GB 52, mimi nilikuwa na 35. Mwenye nacho ndiye huongezewa.

Kilichoniokoa ni faharasa (index), orodha ya pembeni ya kuharakisha utafutaji. Nikachungulia takwimu za Postgres, pg_stat_user_indexes, nikakuta moja ya GB 31 ambayo idx_scan yake, yaani idadi ya kutumika, ni sifuri, haijawahi kuulizwa kitu. Niliitengeneza mwenyewe kwa ripoti ambayo haikuwahi kuandikwa. DROP INDEX, na diski ikapumua papo hapo.

Kabla ya usiku wa kazi nikapitisha VACUUM ya kawaida, ile ya VERBOSE inayoeleza inachofanya. Ikaniambia mistari mingi imekufa lakini bado haiwezi kuondolewa. Hapo kuna mtu kaacha muamala (mabadiliko yaliyoanzishwa lakini hayajathibitishwa) wazi, na Postgres haithubutu kutupa kitu ambacho muamala huo ungeweza bado kukiona. Kwenye pg_stat_activity, orodha ya walioingia kwenye hifadhidata, nikaukuta: idle in transaction, yaani umeachwa wazi bila kazi, siku 11. Nikajiandaa kwenda kumgombeza mhasibu na ripoti zake. Kisha nikatazama anwani ya mashine. Ilikuwa yangu. Nilifungua BEGIN, nikasahihisha namba ya usajili ya lori moja, nikaitwa kula, sikurudi kuandika COMMIT, amri ya kuyathibitisha mabadiliko.

Nikaukata, na marekebisho yake yakapotea. Jumapili saa nane usiku nikaanza VACUUM FULL, jedwali likafungwa kwa wote, hata wa kusoma tu. Vifaa vya kwenye magari vilijitunzia data vyenyewe vikaituma baadaye. Ilichukua saa moja na dakika arobaini: asilimia 55.

Sasa jedwali nimeligawa kwa miezi. Mwezi ukizeeka nautupa wote kwa DROP TABLE na nafasi inarudi palepale.

Asubuhi yake dereva mmoja akapiga simu kwamba lori lake kwenye mfumo lina namba ya lori jingine. Lilikuwa lilelile nililolisahihisha bila COMMIT.