Nukta iliyotuchagua leo

Nimerudi sasa hivi. Viatu vimejaa vumbi, moyo umejaa furaha.

Asubuhi hatukuwa na mpango wowote. Dada yangu akasema, "Leo tuache namba zituchagulie pa kwenda."

Kuna mchezo ulioanza mwaka 2008: tarehe ya siku na kiwango cha ufunguzi cha Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za Marekani, vinakorogwa na kompyuta, zinatoka desimali za latitudo na longitudo ndani ya eneo lako. Wewe huchagui kitu. Zetu zikaangukia mashambani!

Gari tuliliacha barabara ilipoishia. Tukamwomba mwenye shamba ruhusa (hili msiliruke kamwe). Alitutazama kwa mshangao, kisha akatuonyesha njia mwenyewe.

Mita 40. Mita 15. Mita 6.

Simu ikaanza kutuzungusha, hatua mbili kulia, moja nyuma. Desimali ya tano ya latitudo ni kama mita 1 tu ardhini, na usomaji wa setilaiti huyumba kidogo.

Halafu tukasimama.

Nyasi. Jiwe moja la kijivu. Sisimizi wakipita juu yake kwa mstari.

Basi, ni hivyo tu. Lakini tulinyamaza muda mrefu. Dada akaweka kiganja juu ya lile jiwe, nami nikaweka changu. Lilikuwa na joto la jua, kama kitu kilichokuwa kikitusubiri.

Hadi sasa nalihisi mkononi.

Nanyi je, mmewahi kufika mahali ambapo hamkupachagua? Nisimulieni hapa chini, nitasoma yote.