Ukanda wa pili

Ndevu za chini ya kidevu ndizo hunipa habari kwanza. Wembe ukianza kuzivuta pale, hata kama mashavuni bado unateleza, najua makali yamechoka. Hapo nachukua ukanda wangu wa pili wa ngozi wa kunolea wembe, ule wenye dawa ya kijani.

Dawa hiyo ni oksaidi ya kromiamu, chembe zake mikroni 0.5 hivi, yaani nusu ya sehemu ya elfu ya milimita. Ukiifikicha vidoleni huhisi mchanga wowote, lakini inakula chuma kweli. Pitisha wembe mara chache tu, utaona michirizi myeusi juu ya ule ukijani: ndicho chuma cha wembe wako. Kwa hiyo siipaki kamwe kwenye ukanda wa kwanza, ule wa ngozi tupu ninaoutumia kila asubuhi. Ule kazi yake ni kunyoosha makali, na chembe zikishazama humo hazitoki.

Nilipoipata mara ya kwanza niliipaka nene, ukanda mzima. Makali yakanifurahisha mno, basi nikawa napitisha wembe kila siku, mara 30, mara 40, tena ukanda wenyewe umelegea. Ngozi iliyolegea hubonyea chini ya wembe, kisha huinuka nyuma ya makali na kuyalamba kwenye ncha kabisa. Miezi ikapita, ncha ikawa duara. Hakuna ukanda wa kuiponya ncha ya namna hiyo. Nilirudi kwenye kinoo, nikaanza upya. Wembe ule niliupenda, na kile chuma nilichokipoteza bure bado kinaniuma.

Sasa nachora mistari mitatu minne, naisambaza kwa kidole mpaka kibaki kivuli tu cha kijani. Ukanda nauvuta ukaze. Wembe unalala bapa, mgongo na makali vyote vikigusa; mgongo unatangulia, makali yanafuata, na mwisho wa ukanda naugeuzia juu ya mgongo. Mara 10 kwenda na kurudi, bila kukandamiza. Naufuta vizuri, halafu mara 50 kwenye ule ukanda wa ngozi tupu.

Dawa ya unga wa almasi, chembe za mikroni 0.25, nimeijaribu pia. Inakata vikali, ila shingo yangu iliwaka siku nzima, nikaiacha.

Jana usiku ilikuwa zamu ya kijani, mara ya kwanza baada ya wiki sita. Asubuhi hii wembe umepita chini ya kidevu bila kuvuta hata unywele mmoja.