Huna mtu wa kukuongelea

Nimeoga, nimekunywa chai ya tangawizi, nimefua hadi begi lenyewe, na bado namsikia yule kijana wa mtumbwi pale Bugolora, mwalo wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, ambako watu huvukia kwenda kisiwa cha Ukara.

"Dada, una mwenyeji Ukara?"

"Sina."

"Basi hiyo ndiyo bei. Huna mtu wa kukuongelea."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Alikuwa amechuchumaa ndani ya mtumbwi akichota maji kwa dumu la njano lililokatwa nusu, anachota, anamwaga, anachota tena, wala hakuinua macho. Kivuko kilikuwa kimeshaondoka. Pembeni yangu kulikuwa na mama mwenye gunia la muhogo mkavu na vijana waliokuwa wakirudi kwao, na nauli yao niliisikia kwa masikio yangu. Mimi nikatajiwa mara nne yake. Nikalipa, nikapanda, nikakaa ubao wa katikati.

Ya nyumbani kwa haraka: Neema amejifungua wa kiume Jumanne, mama na mtoto hawajambo, na barua yangu ya uhamisho imetoka, ni Kahama kweli kama Matroni alivyonidokeza. Hayo nitayaandika nikitulia.

Niseme tu kwamba ziwa ni ghali kwa anayesafiri peke yake. Chumba cha gesti kina bei ya chumba, hawajali mmelala wangapi. Boti ya kukodi ni hivyo hivyo. Unalipa nafasi yako na nafasi ya mtu ambaye hayupo. Na samaki, ambao nilidhani nitawala hadi nichoke! Mwanza mjini niliuziwa sato wa kukaanga, saizi ya kiganja, kwa hela ambayo Dodoma nakula nyama choma na ndizi zake. Sangara ndiyo usiseme. Minofu inaingia viwandani, inapanda ndege kwenda kuliwa Ulaya, na kinachobaki kwa wenye ziwa lao ni vichwa na mapanki, yale mabaki ya mifupa. Nilisimama mwaloni Kirumba asubuhi moja nikawatazama akina mama wakigeuza dagaa, nikawaza watoto wetu wa wodini wanavyohitaji protini, nikaondoka na hasira.

Lakini sikuumia. Hata kule Capri Point, nilikokunywa glasi moja ya juisi ya pasheni kwa bei ya mlo mzima wa Bukoba, sikuumia. Nililipa, nikatazama maji, nikaondoka. Ile gesti ya kwanza Nansio, mjini Ukerewe, ilinitoza hadi ndoo ya maji ya moto ya kuogea, nikanung'unika kidogo, nikalala. Ya Bugolora ndiyo imekwama kooni.

Njiani Ukara nilipiga hesabu ya petroli. Ukerewe karibu kila kitu kinavuka maji kwanza, saruji, soda, mabati, petroli pia, na kila mkono unaopokea unaongeza chake. Injini ile ilikuwa inakunywa. Angeniambia, "Dada, petroli imepanda," ningetoa hela yangu na hadi tunafika ningekuwa nimesahau. Yeye akanipa sababu nyingine. Akanitazama begi, akanitazama viatu, akatafuta nyuma yangu kuna nani, akaona hakuna.

Niliomba jaketi okozi. Akalivuta kutoka chini ya ubao, kamba moja imekatika, nikaifunga kwa fundo la bendeji kama ninavyofunga kila siku. Yule mama wa muhogo akacheka, akaniuliza naogopa maji? Naogopa, ndiyo. Tarehe 20 Septemba 2018 nilikuwa zamu ya mchana wakati habari za kivuko cha MV Nyerere zilipoanza kuingia, kwamba kimepinduka kwenye maji hayo hayo, karibu kabisa na kufika Bwisya, upande wa Ukara. Waliokufa walizidi 220. Wodi nzima ilikaa kimya kuzunguka redio ya mgonjwa mmoja. Kwa hiyo nilipofika Bwisya nilikwenda kwanza kwenye makaburi yao, nikasimama, nikasali sala fupi. Nilipotoka pale maneno ya kijana yule yalinirudia, nikaona aibu kwamba jambo dogo namna ile linanifuata hadi mahali kama pale. Lilinifuata hata hivyo.

Ukara yenyewe ni nzuri, nitasema. Mashamba yamebanana, hakuna kipande kilicholala bure, ng'ombe wanafugwa ndani na samadi yao inabebwa kwenda shambani. Mti ulio mbele yako una mwenyewe, hata kama umejiotea jiweni. Jiwe linalocheza, kivutio cha kisiwani, sikufika, maana waliojitolea kunipeleka walitaja bei, na kila mmoja aliitaja baada ya kuniuliza nimefikia kwa nani. Nikajibu, nikageuka. Mchana nikarudi kwa kivuko, nikalipa nauli iliyoandikwa kwenye tiketi, sawa na aliyenitangulia na aliyenifuata. Kisiwani Saanane, hifadhi iliyo karibu na Mwanza mjini, ilikuwa hivyo hivyo: kiingilio cha raia kinajulikana, unatoa kitambulisho, unalipa, unakwenda kuwaangalia pimbi wakiota jua kwenye mawe. Kwa nini kila mwalo usiwe na ubao wenye nauli? Rangi na brashi vinagharimu nini? Halmashauri zetu zinakusanya ushuru hadi wa dagaa, ubao mmoja hazishindwi.

Sasa Nansio, jioni ile ile. Nilitafuta gesti nyingine nikampata mama mmoja mtu mzima, kanga mbili, miwani imeshikwa na uzi sikioni. Akafungua daftari la wageni, akaandika jina, kabila, natoka wapi, nakwenda wapi. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, una mwenyeji hapa?"

Tumbo likanikata. Nikajiandaa kabisa kwa bei.

"Sina, mama."

"Basi chukua hicho cha mbele, kilichopakana na changu. Kina kelele kidogo. Ukipatwa na jambo usiku gonga ukuta, mimi usingizi wangu mwepesi."

Akataja bei yake kamili, hakupunguza hata shilingi mia, na nikalipa kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao. Usiku nilimsikia akikohoa, akitafuta stesheni ya redio, akimkemea mjukuu ambaye hataki kunawa miguu kabla ya kupanda kitandani. "Unalala na mchanga wa ziwa zima!" Nilicheka peke yangu gizani, na nililala kuliko nilivyolala safari nzima.

Kulipopambazuka ndipo nikawaza kazi yangu. Sisi wodini tunauliza hilo hilo kila mgonjwa anapoingia, tena mapema kabisa, ndugu yako nani, nani anakuletea chakula. Akisema hana, tunamsogeza kitanda cha karibu na meza ya zamu, tunaandika kwenye faili, tunamwita mtu wa ustawi wa jamii. Anayejibu "sina" ndiye tunayemwangalia zaidi. Sijawahi kufikiri kwamba kuna mahali jibu hilo hilo linapandisha nauli. Na yule kijana hajafanya jambo la ajabu kwa kipimo cha mwaloni, wenzake wote waliosimama pale walisikia na hakuna aliyeshtuka.

Ila mimi najua lilipogusa. Aliyekuwa anatuongelea ni Baba. Mnakumbuka niliyoyaandika baada ya arobaini. Stendi, dukani, shuleni tulipocheleweshewa ada, yeye ndiye alikuwa anatangulia mbele na kofia yake mkononi, anaanza na salamu ndefu hadi mtu anasahau alitaka kukataa nini. Tuliwahi kukaa naye Busisi kwenye foleni ya kivuko hadi chai ya chupa ikapoa, akawa ameshafahamiana na foleni nzima. Safari hii, kutoka Bukoba, basi limepita juu ya daraja jipya, kama kilomita 3 za maji chini yetu, dakika chache tu tukawa Kigongo. Lilifunguliwa Juni 2025, Baba hakuliona. Nilibana uso dirishani ili jirani yangu asiniulize kitu.

Na Kahama sina mtu. Nimelisema.

Musoma sikufika, hela iliishia Mwanza. Nitakwenda, Mungu akipenda, na nikipita tena Bugolora nitawahi kivuko. Kijana yule nikimkuta nitamsalimia, nitamuuliza jina na kwao wapi, nitamwambia langu. Nimelifanyia mazoezi hilo hadi kwenye basi, abiria wa kiti cha pili akanitazama.

Kuna jambo jingine linanikosesha raha tangu jana. Mguu wa kushoto wa Mama umevimba tena, na kwenye simu anasema ni viatu. Viatu gani, na mtu anashinda na kandambili siku nzima? Nimemwomba Salome ampime presha kesho asubuhi kabla hajanywa chai, anitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini, asije akaniandikia "iko sawa". Kliniki yake ni Jumatatu na dawa sijui kama amemeza.