Kabla ya kukata utepe, tuambieni abiria mmoja atatugharimu ngapi

Kila serikali ikitangaza mradi wa usafiri hapa Nairobi, kitu cha kwanza tunaonyeshwa ni picha. Treni inang'aa, barabara iko hewani, watu wamevaa vizuri wanapanda bila kusukumana. Hesabu hatuonyeshwi. Na hesabu yenyewe si ngumu jamani: chukua hiyo pesa yote, gawanya kwa watu watakaobebwa kila siku, halafu uulize kama huyo mtu hangeweza kubebwa kwa njia ingine ya bei nafuu. Basi. Hilo swali moja likiulizwa kwa ukweli, miradi mingi tuliyopigiwa makofi ingebaki kwa karatasi.

Tuanze na Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia. Kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, karibu bilioni 88 za shilingi, yaani kilomita moja tu imepita bilioni tatu. Najua kuna watu watasema hiyo si pesa yetu, kampuni ya Kichina imejenga na itajilipa kwa ushuru wa barabara. Sawa, lakini ardhi ni yetu, na ile nafasi ya katikati ya Mombasa Road ilikuwa yetu, na laini ya mabasi ya BRT, yaani mabasi ya mwendo kasi yenye njia yao pekee, iliyopewa jina Ndovu ilichorwa ipite barabara hiyo hiyo. Nguzo ziko, mabasi hayako. Na katika huu mji karibu watu wanne kati ya kumi wanatembea kwa miguu, mtu anatoka Pipeline alfajiri anatembea mpaka Inda, kule Industrial Area kwenye viwanda, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi itakula unga wa watoto. Huyo mtu hiyo barabara ya juu inamsaidia na nini?

Sasa pale pale kando ya Mombasa Road kuna reli. Reli ya zamani, ile iliyofika hapa 1899, kabla hata mji wenyewe haujakuwa mji. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa na Kibaki 2012, halafu 2020 zikaletwa zile treni za dizeli kutoka Uhispania, si mpya lakini ni safi na zinatembea. Ukiipata asubuhi, jam yote inabaki kwa barabara na wewe unaingia tao mapema. Shida ni kuipata. Reli ni moja kwa sehemu kubwa, treni mbili haziwezi kupishana mpaka moja isubiri mahali, kwa hivyo zinakuwa chache, nyingi ni za asubuhi na jioni, na mtu wa zamu ya saa nne usiku hawezi kuzitegemea, anarudi kwa matatu tu na nauli imepanda kwa sababu mvua imenyesha.

Kuongeza sehemu za kupishana, kurekebisha ishara, kutengeneza mahali barabara inakatiza reli, kuleta treni zingine ili zipite hata mchana, hiyo ndiyo kazi ambayo kila shilingi ingebeba watu wengi zaidi kuliko kitu kingine chochote tunachoambiwa. Lakini nani atakuja na msafara kufungua ishara ya reli? Mwanasiasa ana miaka mitano, anataka kitu kinachoonekana kutoka kwa ndege. Mkopo nao unakuja na mkandarasi wake tayari, na hakuna anayekopeshwa mabilioni akarekebishe ratiba. Usisahau pia wenye matatu, wana kura na wana sauti, na baadhi yao ni haohao wanaopitisha bajeti.

SGR, ile reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, ndiyo somo kubwa na sioni kama tumelisoma. Mwaka wa 2013 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu reli za Afrika Mashariki ikasema kifedha reli mpya ya upana mkubwa haitajilipa, heri kukarabati ile ya zamani. Tukajenga mpya, kutoka Mombasa kama kilomita 472, dola bilioni 3.6, sehemu kubwa mkopo wa benki ya China Exim. Ikafunguliwa 2017, na stesheni ya Nairobi ikawekwa Syokimau, kwa hivyo ukishuka na mizigo yako bado unatafuta usafiri mwingine wa kukuleta tao, na usafiri wenyewe unaweza kuwa ni ile treni ya reli ya zamani. Kisha ikaongezwa mpaka Suswa kwa dola bilioni 1.5 ingine, pesa za kuendelea Kisumu na Malaba zikakosekana, na mwishowe ilibidi ijengwe kipande cha reli nyembamba kuiunganisha na ile ya mkoloni pale Longonot ndio mizigo ifike Malaba. Reli iliyoitwa mzee ndiyo imekuja kuokoa.

Na si sisi peke yetu, nisije nikaonekana naichukia nchi yangu. Mtafiti Bent Flyvbjerg na wenzake walipima miradi 258 ya usafiri duniani, wakapata kwa tisa kati ya kumi gharama ilikadiriwa chini, na reli ndizo zilikuwa mbaya zaidi, zilizidi kwa wastani wa asilimia 45. New York walifungua kipande cha treni ya chini ya ardhi ya Second Avenue 2017, kama kilomita tatu na stesheni tatu mpya, ikala dola bilioni nne na nusu hivi. Madrid nao walijenga MetroSur, kilomita 41 chini ya ardhi na stesheni 28, wakafungua 2003 baada ya miaka kama minne, kwa kilomita moja hawakukaribia hata kidogo hiyo pesa ya New York. Walifanyaje? Stesheni za muundo mmoja, na wahandisi wa serikali wenyewe walijua kazi hivyo mkandarasi hawezi kuwadanganya. Hapo kwa wahandisi ndipo mimi naumia zaidi, kwa sababu wahandisi wazuri tunao, wanafundishwa hapa hapa, ila mradi ukifika mezani kwao huwa umeshaamuliwa.

Addis pia tuangalie, ni jirani. Walipata treni ya umeme ya mjini 2015, dola milioni 475, bei ya kuvutia kweli, halafu vipuri vikakosa na treni nyingi kati ya zile 41 zikalala karakana. Kununua ni siku moja, kutunza ni kila siku, na pesa ya kutunza haijawahi kutangazwa kwa mkutano wa hadhara.

Mimi ningepewa hiyo bajeti ningeanza na laini ya Ruiru. Makadara, Mutindwa, Dandora, Mwiki, Githurai, Kahawa, hebu tafuta sehemu ingine Nairobi watu wamejaa hivyo kando ya reli ambayo tayari iko. Treni kila dakika ishirini kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku, matatu za kuwaingiza watu mitaani zikisubiri pale pale stesheni, tiketi moja. Wale wafanyabiashara wa Githurai wanaouza juu ya reli wajengewe soko kwanza ndio wahamishwe, wasifukuzwe usiku na tingatinga. Kisha kila baada ya miezi sita shirika la reli litoe hadharani idadi ya abiria na pesa iliyotumika, laini kwa laini, ndio kabla ya mtu kutuletea picha ingine tuwe na namba za kulinganisha nazo.