Novemba Bila Bunduki: Kukagua Kitalu cha Kulungu Colorado

Barabara ya I-70 katika jimbo la Colorado, Marekani, ikishatoka milimani inafika mji uitwao Rifle, yaani bunduki, na mimi niliingia humo bila bunduki wala leseni. Nyuma ya pikapu kulikuwa na minyororo ya matairi manne, sepetu na dumu la mafuta. Mbele, darubini ya 10x42 na stendi yake ya miguu mitatu. Ilikuwa Novemba 2025, msimu wa tatu wa bunduki unaendelea, nami nilikuja kutazama tu: kulungu wako wapi, wawindaji wako wapi, geti lipi lina kufuli. Maombi ya leseni za mwaka unaofuata hufungwa Jumanne ya kwanza ya Aprili. Anayetaka kukiona kitalu katika hali atakayokikuta siku ya kuwinda, aende mwezi uleule, mwaka mmoja kabla.

Wengi wetu tunaotoka majimbo mengine huja kukagua Agosti. Njia ni kavu, na madume yako juu mlimani, pembe bado zimevaa ngozi laini, yanajionyesha wazi. Shida ni kwamba theluji ikianza wanashuka. Dume uliyemwekea alama kwenye ramani mwezi wa nane, mita 3,000 juu, Novemba atakuwa makumi ya kilomita kutoka hapo, pengine kwenye kitalu kingine kabisa, ambako leseni yako ni karatasi tu.

Mnyama mwenyewe, mule deer kwa Kiingereza, namwita kulungu nyumbu. Nyumbu huyo ni chotara wa punda na farasi, si yule wa Serengeti. Jina limetokana na masikio. Mkia wake una ncha nyeusi, pembe zimegawanyika uma juu ya uma, na akishtuka huruka kwa miguu yote minne kwa mpigo, kama mpira unaodunda. Neno kitalu nalo lisimchanganye aliyelizoea Tanzania. Hapa hakikodishwi kwa kampuni. Ni mpaka wa kugawia leseni, na ndani yake ardhi ya umma na mashamba ya watu vimechanganyika kama viraka.

Viraka hivyo nilivichambua nyumbani kabla ya safari. Kwenye ramani, njano ni ardhi ya BLM, idara ya ardhi ya serikali ya shirikisho; kijani ni msitu wa taifa; nyeupe ni mali ya mtu. Njano na kijani unaingia, nyeupe huingii bila ruhusa, na Colorado haimlazimishi mwenye shamba kuweka kibao, kwa hiyo “sikuona alama” si utetezi. Inayowaponza wageni ni buluu. Ni ardhi ya jimbo, lakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo imefungwa kwa umma, isipokuwa vipande vilivyosajiliwa kwenye mpango wa kuruhusu watu kuingia. Halafu kuna vipande vya njano vinavyogusana kwa ncha tu. Machi 2025 mahakama ya rufani ya shirikisho iliwapa ushindi wawindaji wanne wa Missouri waliovuka ncha ya namna hiyo kule Wyoming kwa kutumia ngazi, na Colorado iko chini ya mahakama hiyohiyo. Hata hivyo, mtu mwenye siku tano za likizo hana muda wa kubishana na mwenye shamba kwenye uzio. Kipande cha namna hiyo nakihesabu kama hakipo.

Kutoka Rifle barabara ya 13 inapanda kaskazini hadi Meeker, yapata kilomita 65. Jaza tangi hapo. Kituo kingine cha kutegemewa ni Rangely, karibu kilomita 90 magharibi kwa barabara ya 64, na mtandao wa simu unakatika mapema, kwa hiyo ramani ipakuliwe ukiwa bado mjini. Kusini-magharibi ya Meeker ndiko lilipo bonde la Piceance, ambalo sehemu yake kubwa ni kitalu 22. Kulungu hushuka humo kutoka uwanda wa Roan kuja kupitisha baridi kwenye sejibrashi, vile vichaka vya kijivu vyenye harufu kali, na kwenye miti mifupi ya jamii ya mtarakwa.

Saa kumi na moja alfajiri nilipita kila njia inayochepuka kutoka barabara ya bonde na kuhesabu magari yaliyoegeshwa. Hesabu hii haipatikani kwenye ramani yoyote. Njia pana, zilizolainishwa kwa ajili ya malori ya visima vya gesi, zilijaa. Njia mbovu inayoingia kwenye korongo, yenye mawe yanayogonga chini ya gari, ilikuwa na gari moja. Nikaegesha huko, nikapanda kilima mkabala na mteremko unaopata jua la kwanza.

Darubini ikae kwenye stendi, isishikwe mkononi. Usitafute mnyama mzima. Tafuta mstari wa mlalo katikati ya mashina yaliyosimama, sikio linalopepea, doa jeupe la makalio. Gawa mteremko vipande vipande, kila kimoja dakika tano, kisha rudia. Majike nane walikuwa wakila kwenye sejibrashi nilipofika, na sikuona dume mpaka duru ya tatu: shingo imevimba, pua chini, anafuata harufu. Ndiyo faida ya katikati ya Novemba: ukishajua majike walipo, madume watajileta. Kufika saa tatu wote walikuwa wameingia mitini, na mteremko ukaonekana mtupu kana kwamba hakujawahi kupita mnyama.

Saa nne nilipata somo la barabara. Asubuhi udongo umeganda, mgumu kama saruji. Jua likiupiga, tabaka la juu linalainika huku chini bado barafu. Tope linajaza meno ya tairi na gari linateleza kama liko juu ya sabuni. Minyororo ifungwe kabla ya kushuka, si baada ya kukwama, na kwenye matairi yote manne. Ukifunga ya mbele tu, sehemu ya nyuma inakupita kwenye kona. Vinginevyo, subiri jioni pagande tena.

Siku ya pili nilikwenda kwenye majivu ya moto wa Lee, uliounguza eneo hili Agosti 2025. Wawindaji husema palipoungua patanona. Kwa nyasi na vichaka vinavyochipua kutoka mizizini, sawa. Sejibrashi kubwa haichipui. Ikiungua inaanza upya kwa mbegu, miaka mingi, nayo ndiyo chakula cha miezi ya theluji. Kwa hiyo nilitazama kingo za moto, palipobaki visiwa vya vichaka hai, na nyayo zilikuwa hapo, si katikati.

Jambo la pili linalohitaji kalenda ni baridi ya 2022 hadi 2023, iliyoua kulungu wengi kaskazini-magharibi mwa Colorado hata leseni zikapunguzwa. Ndama waliozaliwa 2022 wangekuwa madume wa miaka minne mwaka 2026. Anayetaka pembe kubwa ajue kuna pengo la umri huo.

Umbali niliupima kwa nyama. Dume mzima akitolewa mifupa hutoa kilo 25 hadi 35, ongeza kichwa na vifaa. Kwa mtu mmoja hiyo ni safari mbili kwenye mwinuko wa mita 2,000 na zaidi. Chochote kilicho zaidi ya kilomita tatu kutoka kwenye gari nilikifuta. Ubongo na uti wa mgongo hubaki Colorado, kwa sababu majimbo mengi hayaruhusu viingizwe kwa hofu ya CWD, ugonjwa unaoharibu ubongo wa kulungu, na baadhi ya vitalu hulazimisha kichwa kipelekwe kupimwa. Soma masharti ya jimbo lako kabla ya kununua barafu.

Nilirudi na alama nne kwenye ramani: vilima viwili vya kutazamia, njia moja mbovu na geti moja lililofungwa. Kwenye fomu ya kuomba leseni, chaguo la kwanza ndilo linalotumia pointi ulizokusanya, zile anazopewa mwombaji kwa kila mwaka anaokosa. La pili haliziondoi, kwa hiyo la pili liwe kitalu jirani chenye waombaji wachache. Msimbo wa leseni nao unasomwa herufi kwa herufi. Kwenye DM022O3R, D ni kulungu, M dume, 022 kitalu, O3 msimu wa tatu, R bunduki. Hiyo O ni herufi, si sifuri. Ukiona P mahali pa O, leseni hiyo ni ya mashamba ya watu binafsi peke yake, na alama zote nne nilizoweka kwenye ramani zisingefaa kitu.