Zipi zako?

Leo Alhamisi, na neno la Jumatatu bado limenikwama kooni. Nilisema sitaandika hapa mpaka albamu ya bi harusi wa Kibokoni iishe. Haijaisha, lakini nisipoandika sitalala leo pia.

Jumatatu nilikwenda duka la kuprinti kuchukua picha za maharusi wa Kisauni, zile za nje tulizopiga ufukweni Mama Ngina, hapa Mombasa, kabla ya Magharibi. Kijana wa kaunta alikuwa na bahasha mbili wazi mbele yake, moja yangu na moja ya mpigapicha mwengine, feni imezipeperusha picha zikaingiana. Akaokota mbili akaziweka pamoja. Zote mbili bi harusi kageuka, uso hauonekani, shela limeinuliwa na upepo, mbuyu kushoto, bahari nyuma.

“Dada, zipi zako?”

Nikamwonyesha ya kulia. Sikusita. Akaigeuza, kwa nyuma kuna nambari ya kazi imeandikwa kwa penseli.

“Hii ya yule kaka. Yako hii hapa.” Halafu, huku anazipanga upya: “Usijali dada, hata mimi huwa nawachanganya.”

Nawachanganya. Angesema nazichanganya ningelipa nikaondoka zangu. Picha ni karatasi, karatasi huchanganyika. Yeye kasema -wa-. Ni sisi watu anaotuchanganya: mimi, yule kaka nisiyemjua hata kwa sura, na wengine wote tunaopeleka kazi pale. Na hakusema kwa ubaya, alikuwa akinipoza. Ndiyo maana nimemwamini.

Ndani ya tuktuk nilizitoa zote arobaini nikazitazama moja moja. Ile priseti niliyoisifia hapa mwaka jana, mpangilio wa rangi uliotengenezwa tayari ambao unautia kwenye picha kwa kubonyeza mara moja, ndiyo niliyoiona kwanza. Majani yamekuwa kahawia, ngozi ya bi harusi imeingia rangi ya chungwa, weusi wa koti la bwana harusi umefifia kama majivu. Niliinunua kwa sababu picha za wapigapicha niliowapenda zilikuwa na rangi hiyo. Nao bila shaka waliinunua kwa sababu hiyohiyo. Lakini rangi ningeweza kuiondoa usiku uleule. Kilichoniumiza ni mahali niliposimama. Hatua kumi kutoka mbuyu, kamera usawa wa macho, bi harusi katikati. Yule kaka alisimama palepale.

Nimekuwa nikimfikiria Seydou Keïta, mpigapicha wa Bamako, Mali. Alifungua studio mwaka 1948, na pazia lake la kwanza la kuweka nyuma ya watu lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Kila baada ya miaka michache alibadilisha pazia, na uzeeni aliweza kukwambia picha ni ya miaka gani kwa kutazama kitambaa kilicho nyuma ya mtu. Kitambaa tu! Na hata ile picha ya Mama na Baba ya kivukoni Likoni, mnaijua, ile yenye ndege iliyochorwa ukutani nyuma yao. Vibanda vya wapigapicha vilikuwa vingi pale miaka ya 1990, lakini Mama hadi leo anakutajia kibanda kipi, kwa sababu ndege ya fundi yule ilikuwa na madirisha ya mviringo kama ya meli. Mimi nimewekewa kazi yangu mkononi nikaikana.

Ali kasafiri Doha Jumanne usiku, Khala kahamia kwetu na masanduku yake yote, mwenye nyumba kapandisha kodi, na katikati ya yote hayo mimi nasikia nawachanganya. Nimemkumbatia ndugu yangu uwanja wa ndege huku nawaza mbuyu. Ali, ukisoma, nisamehe.

Jana usiku nilikaa na picha za kupamba za Kibokoni, ile sherehe ya wanawake ya kumpamba bi harusi. Wasomaji wa zamani mnajua utaratibu wangu: wanawake peke yao, simu zinakusanywa mlangoni, picha sizipeleki dukani, naziprinti mwenyewe hapa nyumbani, na siku ya kukabidhi nafuta kila kitu mbele ya mama wa bi harusi. Hakuna mtu wa nje atakayeziona. Kwa hiyo priseti sikuwahi kuzitilia hata siku moja. Mama wa bi harusi anataka kijani cha nguo kiwe kijani alichokinunua, basi.

Nikaanza kuzipanga, na kama picha ya ishirini hivi nikaacha kupanga, nikawa natazama tu.

Kuna moja somo, yule mwanamke anayemfunda bi harusi, anambandika kikuba cha maua. Pini tatu kabana kwa midomo, ya nne iko vidoleni, kidole gumba kimebonyea kwa sababu kitambaa ni kizito. Asumini moja imeanguka kwenye zulia, karibu na unyayo wenye piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, ambayo bado haijakauka vizuri. Uso wa bi harusi uko pembeni kabisa, nusu. Sikutumia fleshi maana fleshi hufifisha hina. Ni taa ya ukutani tu, lenzi ya milimita 50 nimeifungua mpaka f/1.8 ili mwanga mwingi uingie. Na kamera iko chini, usawa wa magoti, kwa sababu kwenye kupamba huwezi kusimama ukawaziba waliokaa nyuma. Unakaa mkekani na wenzio.

Iliyofuata, mikono tena. Chetezo kinapita, mikono minne inavuta moshi wa udi. Iliyofuata, mikono.

Nikaenda kabatini kwa Mama nikatoa albamu ya harusi ya binti ami yangu, miaka sita iliyopita, wakati ule natumia kamera ya kuazima na sijui hata kupima mwanga. Nikakaa sakafuni kuifungua. Mikono. Nyuso pembeni. Kamera chini. Kijana wa dukani angeziweka hizi mbele yangu pamoja na za mpigapicha yeyote wa mji huu, ningetoa zangu bila kugeuza nyuma kusoma nambari.

Nililia kidogo, sitaficha. Miaka yote hii natafuta mtindo wangu kwenye kurasa za watu, na uko katika makabati ya wanawake wa Kibokoni na Kuze na Majengo, umefungwa kwa leso pamoja na dhahabu zao. Kesho nitakabidhi na nitafuta, kama nilivyoahidi. Ahadi haigusiki. Lakini Jumamosi nina maharusi wengine, Mama Ngina tena, mbuyu uleule, na nitakaa chini kwenye nyasi. Bwana harusi akiuliza nimeangusha nini, nitamwambia aendelee kumrekebisha mkewe shela.

Nilipokuwa pale sakafuni albamu iko mapajani, Mama alipita kwenda kunywa maji, na miguu yake ikapita mbele ya macho yangu. Imevimba. Alama ya mkanda wa kandambili imezama kwenye nyama. Nilimuuliza tangu lini, akasema si kitu mwanangu, ni joto.

Joto gani, mwezi wa Julai, kusi inavuma na sote tumelala na mashuka mawili?